Ushahidi wa Mama na Habari ya Mbwaa

Historia ina mashahidi wengi, na mwanafunzi mwema ni yule awasikilizaye wote kabla ya kutoa hukumu. Shahidi wa kwanza ni ulimi wa wazee, uliohifadhi habari za koo tangu zama ambazo hapakuwa na kalamu. Wa pili ni karatasi, na wa tatu ni magofu na vigae vilivyofukiwa ardhini. Katika miaka ya karibuni ametokea shahidi wa nne, akaaye ndani ya mifupa na damu ya mwanadamu. Hana sauti wala mwandiko, lakini kwa ustadi mkubwa wataalamu wamepata kumsoma. Wako watu waliomshangilia hata wakataka mashahidi wengine wote wanyamazishwe. Nakualika, msomaji wangu, tumpime shahidi huyu kwa utulivu: ni nani, hutayarishwa namna gani kabla ya kusikilizwa, na aweza kutuambia nini juu ya habari moja kongwe ambayo mtoto wa Muthara huisikia tangu utoto wake.

Habari hiyo ni ya Mbwaa. Wewe uliyelelewa Muthara, chini ya vilima vya Nyambene, huhitaji kusimuliwa. Lakini wenzako wa Voi, Kisumu au Tanga wasomao kitabu hiki huenda hawaijui, basi nivumilie niieleze kwa ufupi. Wazee wa Meru husema kwamba hapo kale wahenga wao walikaa mahali palipoitwa Mbwaa, penye maji makubwa yaliyokupwa na kujaa. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani Nguo Nyekundu, ambao waliwatumikisha na kuwatwisha masharti yasiyotimizika. Waliamriwa walete mkuki wa kufika mbinguni, na kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Walipoona kwamba haya ni maandalio ya kuangamizwa, walitoroka wakiongozwa na mtu aitwaye Koomenjwe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Na waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe. Kisha wakashika safari ndefu ya kuelekea magharibi, hata wakafika katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene, wakastakimu.

Mbwaa ni wapi? Mwanahistoria Mmarekani, Jeffrey Fadiman, aliyeandika masimulizi ya wazee wa Meru katika mwaka 1969 na 1970, alishika rai kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kwa kuhesabu marika, ambayo Wameru huyaita nthuki, alikadiria kwamba watu walitoka huko mwanzoni mwa karne ya 18. Wako wengine waliotia shaka. Walisema kwamba Kimeru ni ndugu wa karibu wa Kikikuyu, Kiembu na Kikamba, na udugu wa lugha kama huo huonyesha kukaa pamoja bara kwa muda mrefu. Wengine walihisi kwamba habari ya kuvuka maji ilikolezwa baadaye na habari ya Musa iliyohubiriwa na wamisionari. Jambo hili si dogo. Ikiwa wazee walisema kweli, basi watu wa milimani na watu wa pwani wana historia moja iliyosahauliwa. Na ikiwa habari hiyo iliokotwa njiani, basi yatupasa tujue iliokotwa wapi. Ndipo wengine hupaaza sauti na kusema: aitwe shahidi wa nne akate shauri.

Shahidi huyo tumwelezeje? Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli. Ndani ya kila seli, isipokuwa za aina chache, mna kiini, na ndani ya kiini mna maandishi ya urithi yaitwayo vinasaba. Maandishi hayo yana herufi nne tu, lakini urefu wake ni kama herufi bilioni 3. Nusu mtu huipata kwa baba na nusu kwa mama. Nje ya kiini, katika seli ile ile, mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake ni kuupatia mwili nguvu kutokana na chakula. Vijumba hivi vina maandishi yao wenyewe, mafupi sana, yenye herufi 16,569. Yalisomwa yote kwa mara ya kwanza huko Cambridge, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1981.

Sifa mbili za maandishi haya mafupi zimeyafanya yawe na thamani kwa mwanahistoria. Ya kwanza ni kwamba mtoto huyapata kwa mama yake tu. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini mwana wa kiume hawezi kumrithisha mtoto wake. Kwetu jina na ukoo hufuata njia ya baba. Maandishi haya hufuata njia ya mama, na mama ya mama, na mama yake huyo, hata zama za mbali. Sifa ya pili ni wingi. Maandishi ya kiini yamo mara mbili tu katika seli, bali ya mitokondria yamo mara mamia au maelfu. Kwa hiyo mfupa mkongwe uliopoteza karibu kila kitu waweza kuwa umebakiza kipande cha ushahidi wa mama. Mwaka 1987 wataalamu watatu, Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson, walilinganisha maandishi haya kwa watu 147 wa mabara mbalimbali, wakaona kwamba njia zote za mama hukutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi yapata miaka 200,000 iliyopita, na kwamba yaelekea aliishi Afrika.

Sasa tutazame namna shahidi huyu anavyotayarishwa, maana hapa ndipo kweli na uongo vinapoachana njia. Kwa mtu aliye hai kazi ni nyepesi. Huombwa idhini, husukutua kinywa kwa maji, kisha hutema mate katika kichupa, au husuguliwa shavuni kwa ndani na pamba safi. Kwa mfupa wa kale mambo ni mengine. Vinasaba huanza kukatika mara mtu afapo. Joto na unyevu huharakisha kukatika huko, na vijidudu vya udongo huingia na kuacha vinasaba vyao. Ndiyo sababu nchi za baridi zilitangulia katika elimu hii, na Afrika ikachelewa. Maandishi yote ya Mwafrika wa kale yalisomwa kwanza mwaka 2015, kutokana na mtu aliyezikwa yapata miaka 4,500 iliyopita katika pango la Mota, huko Ethiopia, mahali pa juu penye ubaridi.

Adui mkubwa kuliko joto, hata hivyo, ni mtafiti mwenyewe. Mfupa wa kale una vinasaba vichache vilivyokatika vipande vifupi, bali yeye aushikaye ana vinasaba tele vilivyo vizima. Chafya moja, unywele mmoja au tone la jasho laweza kuufunika ushahidi wa marehemu kwa ushahidi wa aliye hai. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamepata vinasaba vya mitokondria katika mifupa ya miaka milioni 80, iliyotoka katika mgodi wa makaa ya mawe huko Utah. Watu wakadhani kwamba dinosau amepata kusema. Mwaka uliofuata wataalamu wengine walizichunguza zile herufi, wakaonyesha kwamba zilikuwa za mwanadamu. Walidhani wanasikia sauti ya kale, kumbe ni mwangwi wa watu wa leo.

Kwa ajili hiyo kazi hufanywa kwa miiko mingi. Chumba cha kutayarishia mifupa hujengwa mbali na chumba cha kunakilishia vinasaba, na mtu aliyeingia kile cha pili haruhusiwi kurudi katika kile cha kwanza siku ile. Hewa ya chumba huchujwa na kusukumwa itoke nje, ili vumbi lisiingie. Mfanyakazi huvaa vazi la kumfunika mwili mzima, barakoa, na glovu mbili mbili, na ile ya juu huibadilisha kila mara. Meza na vyombo hupanguswa kwa klorini, kisha huangazwa kwa miale ya urujuanimno, ambayo huharibu kinasaba chochote kilichosalia juu yake.

Kisha huchaguliwa mahali pa kuchukua sampuli. Mfupa unaofaa kuliko yote ni ule mgumu uliozunguka sehemu ya ndani ya sikio. Jino nalo hufaa. Uso wa nje huparuzwa na kutupwa, kwa kuwa umeguswa na wengi. Hutumiwa keekee ndogo, izungukayo polepole ili isitie joto, na unga utokao aghalabu haufiki sehemu ya kumi ya gramu. Unga huo hulowekwa katika dawa mbili: moja huondoa madini ya mfupa, nyingine huyeyusha protini. Baadaye maji yale hupitishwa katika kitu cha jamii ya kioo, ambacho huvikamata vinasaba na kuacha takataka zipite. Vipande vilivyokamatwa huoshwa, na kila kimoja hufungwa alama ncha zote mbili, ili kijulikane ni cha mfupa gani hata kikichanganyika na vya mfupa mwingine. Ndipo hunakiliwa mara nyingi, kwa njia iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, na mwishowe kusomwa kwa mashine.

Kuna mwiko mmoja ambao napenda uukumbuke kuliko yote. Pamoja na vichupa vyenye unga wa mfupa, huwekwa kichupa kitupu kisicho na mfupa wowote. Kichupa hicho hutiwa dawa zile zile na kupitishwa katika kila hatua pamoja na wenzake. Mwisho wa kazi kikionekana kina vinasaba vya mtu, mtafiti hujua kwamba mgeni ameingia chumbani, na matokeo yote hutiliwa shaka. Tena hutazamwa makovu ya uzee: katika vinasaba vya kale, herufi iitwayo C mara kwa mara husomwa kama T karibu na ncha za vipande. Maandishi yasiyo na makovu hayo hudhaniwa kuwa ya mtu wa leo. Hivyo shahidi haaminiwi kwa kuwa anatoka katika mashine. Huaminiwa kwa kuwa ameulizwa maswali magumu na watu waliokuwa tayari kumkataa.

Je, Manda imesema nini? Mwezi wa Machi 2023 jarida la *Nature* lilitoa habari za uchunguzi wa watu 80 wa kale wa Kenya na Tanzania. Walitoka katika miji sita ya pwani, ikiwamo Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara, Makwasinyi, wa baada ya mwaka 1650. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Chapurukha Kusimba, Mkenya mtaalamu wa mambo ya kale, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Ilionekana kwamba njia za mama za wale watu wa miji ya pwani karibu zote zilikuwa za Kiafrika, na njia za baba nyingi zilikuwa za Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000.

Tazama jinsi mashahidi walivyosaidiana. Wazee wa pwani na Historia ya Kilwa walisema tangu zamani kwamba wakuu wa miji walitoka Shirazi. Wanahistoria wengi waliidharau habari hiyo, wakaiona kuwa ni majivuno ya watu waliotaka nasaba ya mbali. Mifupa imeonyesha kwamba wageni kutoka Uajemi walikuja kweli. Lakini imeonyesha pia jambo ambalo masimulizi ya nasaba yalilipita kimya: mama wa Kiafrika, ambao lugha yao ya Kibantu ndiyo iliyoshinda ikawa Kiswahili. Ulimi wa wazee haukusema uongo. Ulitaja baba, ukaacha mama. Shahidi wa mama alipoitwa, akajaza pengo.

Sasa turudi Mbwaa. Je, yawezekana mtu akachukua mate ya wakazi wa Muthara, akayalinganisha na mifupa ya Manda, na kukata shauri? Jibu langu ni kwamba hawezi kwa njia ya mama peke yake, na nitakuonyesha sababu kwa hesabu ndogo. Una wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na juu yao wanane. Endelea kuzidisha kwa mbili mpaka kizazi cha kumi, ambacho ni kama miaka 250 au 300 iliyopita, karibu na wakati uliotajwa wa kutoka Mbwaa. Utapata nafasi 1,024 za wazee wako. Maandishi ya mitokondria yanatoka kwa mmoja tu kati ya hao. Huyo mmoja akiwa amezaliwa katika miteremko ya Nyambene, hujaambiwa lolote juu ya wale 1,023 waliobaki.

Fikiri tena. Ikiwa walioshika safari walioa njiani, au walipokea wenyeji waliowakuta milimani, basi njia za mama za leo zitakuwa za bara, na hata hivyo habari ya Mbwaa iliyopokezanwa na baba yaweza kuwa ya kweli. Tena njia za mama za pwani na za bara ni za jamii moja kubwa ya Kiafrika, hata si rahisi kuzitenga na kusema hii ni ya Manda, ile ni ya bonde la Tana. Na jambo la mwisho: mifupa iliyochunguzwa pwani mingi ilitoka katika makaburi ya watu wenye hadhi mijini. Wahenga wa Wameru, kama walivyosimuliwa, walikuwa watumwa waliotoroka. Aliyetoroka hakuzikwa kando ya msikiti wa bwana wake. Kumtafuta huko ni kumtafuta mahali ambapo habari yenyewe yasema hayupo.

Kwa hiyo shahidi wa nne, aulizwapo juu ya Mbwaa, hujibu kwa uchache, na hiyo ni sifa yake njema. Maandishi marefu ya kiini, yakisomwa kwa watu wengi wa Meru, Tana na Lamu na kulinganishwa, yaweza siku moja kusema zaidi, kwa sababu yana sehemu za wazee wengi. Hata hivyo kazi hiyo haitaki werevu wa maabara tu. Inataka heshima. Mfupa ulikuwa mtu, na huenda ana wajukuu. Kuufukua huhitaji kibali chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Mate ya aliye hai nayo ni siri yake na ya jamaa yake yote: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imetaja habari za urithi wa mwili kuwa miongoni mwa habari nyeti. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, waliochoshwa na watafiti wasiorudi kueleza walichopata, walitoa kanuni zao wenyewe na kudai heshima, uaminifu, haki na uangalizi. Kijana wa Meru aziweke akilini, maana siku moja naye aweza kuombwa mate yake na mgeni, au kuwa yeye mtafiti aombaye.

Liko na jambo la hatari zaidi. Watu wapendao ugomvi hutamani kitu cha kuwaambia jirani zao, “Ninyi si wenyeji hapa.” Wakisikia habari za vinasaba hudhani wamepata fimbo. Mwambie mtu wa namna hiyo kwamba njia zote za mama hukutana, na kwamba mbio za nyuma zikiendelea mbali kidogo kila mtu ni mhamiaji. Hati ya shamba haikuandikwa katika mitokondria, wala uraia haupimwi kwa keekee.

Wewe na mimi hatuna chumba chenye hewa iliyochujwa wala mashine ya kusomea vinasaba. Lakini kuna sampuli nyingine katika kila kijiji cha Tigania, nayo hukatika kila mwaka kama vinasaba katika udongo wa joto. Ni kumbukumbu ya wazee. Nayo ina miiko yake ya kutayarishwa, iliyo sawa na ile tuliyoiona. Ukienda kwa mzee, usimtajie Manda kabla yeye hajakutajia, kwa maana neno lako litaingia katika lake kama jasho katika mfupa. Mwulize alisikia kwa nani, na huyo alisikia kwa nani. Mwulize kama amepata kusoma habari hiyo kitabuni au kuisikia redioni, kwa kuwa siku hizi kitabu hurudi kijijini na kuvaa mvi. Andika maneno yake kwa Kitigania kama yalivyotoka, pamoja na siku, mahali na rika lake. Mwulize bibi vilevile. Nasaba zetu zimemsahau sana, na huenda anajua habari ya safari ambayo babu hakuiona kuwa na maana. Na ukisikia habari mbili zisizopatana, ziandike zote mbili.

Fanya hivyo mapema, kabla kizazi kile hakijaondoka chote. Maabara yaweza kungoja, kwa kuwa mfupa ulio ndani ya mchanga wa Manda umekwisha kungoja miaka mia nyingi. Mzee wa Muthara hawezi kungoja hivyo.